Mali ya Chuo na Dhamiri ya Wanafunzi

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mtu hatembei mwendo mrefu asipite mbele ya mali ya wakfu. Hapa ni nyumba ambayo kodi yake hununua mafuta ya taa za msikiti. Pale ni shamba la minazi ambalo mavuno yake huwalisha mayatima. Aliyeiweka wakfu amekwisha kufa zamani, lakini mali yake yaendelea kufanya kazi, na mtawali aliyekabidhiwa huulizwa mambo mawili: Je, mali imezaa? Na je, imezaa kwa njia iliyo halali? Swali la kwanza ni la daftari. La pili ni la dhamiri. Mtawali ajibuye la kwanza peke yake hajamaliza hesabu.

Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani navyo vina wakfu wake. Matajiri huviachia mali. Wadhamini huitumia mali hiyo kununua hisa za makampuni na hati za mikopo. Na faida yake hulipa mishahara ya walimu, hununua vitabu na kuwasomesha wanafunzi maskini. Kwa muda mrefu wadhamini hao waliulizwa swali la daftari tu. Leo katika vyuo vingi limo somo zima liitwalo fedha endelevu, na ndani yake tawi la uwekezaji wa manufaa, yaani kutia mali mahali ambapo italeta faida kwa mwenyewe na nafuu kwa watu au kwa ardhi yao. Mwanafunzi alikutaye somo hilo limepangwa kwa majedwali na vipimo aweza kudhani kwamba lilizaliwa katika afisi za mabenki. Historia yasema vingine. Sehemu kubwa ya somo hilo ilizaliwa katika ugomvi kati ya wanafunzi na wadhamini wa vyuo vyao, na sababu kubwa ya ugomvi huo ilikuwa Afrika Kusini.

Wazo la kuipima faida kwa mizani ya haki ni la kale. Uislamu uliharamisha riba tangu mwanzo wake. Katika mwaka wa 1758 jamii ya Marafiki wa Philadelphia iliamua kwamba mwenzao anunuaye au auzaye watumwa asishiriki tena katika mikutano ya shauri lao. Lakini amri hizo zilikuwa za dini, na zilimfunga aliyeamini tu. Jambo jipya la karne ya 20 lilikuwa kulipeleka swali lile lile mbele ya shirika lililojiona halina dini wala siasa, na ambalo kazi yake ilikuwa elimu peke yake.

Mwanzo wa habari hii haukuwa katika chuo chochote. Desemba 1958 wajumbe wa vyama vya Afrika walikutana Accra, na miongoni mwa maazimio yao lilikuwamo la kuibana Afrika Kusini kwa njia ya uchumi. Mwaka uliofuata Albert Luthuli, rais wa chama cha African National Congress, pamoja na wenzake wa vyama vingine, waliwaomba watu wa nchi za nje wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Hawakuficha kwamba mgomo huo ungewaumiza Waafrika wenyewe. Walisema kwamba ikiwa maumivu hayo yatafupisha siku za umwagaji damu, basi ni gharama ambayo watu wao wako tayari kuilipa. Neno hilo lafaa kushikwa vema, kwa kuwa kila hoja iliyokuja baadaye yasimama juu yake: aliyeomba mgomo ndiye aliyekuwa ataumia kwanza.

Ombi hilo liliitikiwa London tarehe 26 Juni 1959, ulipofanyika mkutano wa kuanzisha mgomo wa bidhaa. Miongoni mwa waliosema siku hiyo walikuwa padri Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu wa Masasi, na Julius Nyerere, rais wa TANU, ambaye nchi yake yenyewe ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Waingereza waliombwa waache matunda, mvinyo na sigara za Afrika Kusini. Machi 1960 ulitangazwa kuwa mwezi wa mgomo, na kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 21, polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu waliokusanyika kupinga sheria ya pasi, wakawaua 69.

Nyerere hakukomea katika hotuba. Machi 1961 aliandika katika gazeti la London kwamba kuibakiza Afrika Kusini katika Jumuiya ya Madola kungekuwa sawa na kuifungia Tanganyika mlango. Siku chache baadaye Afrika Kusini iliondoa ombi lake la kubaki. Tena, nchi ilipokwisha kupata uhuru, serikali ilikomesha uandikishaji wa vijana waliokuwa wakienda katika machimbo ya dhahabu kwa mkono wa lile shirika ambalo watu wa Nyanda za Juu za Kusini walilizoea kwa jina la Wenela. Mishahara ya machimboni ilikuwa imenunua ng'ombe wa mahari, baiskeli na mabati katika nyumba nyingi za nyanda hizo. Kuikata kulikuwa na uchungu, na uchungu huo haukuwafika mabwana wa Johannesburg peke yao. Ulifika hata Rungwe. Hivyo Afrika Mashariki ilikwisha kulijua somo hili kabla halijapata kiti katika chuo kikuu: mwenye kujitoa katika faida mbaya hulipa kwa mfuko wake.

Baada ya Sharpeville wenye mali wengi walikimbiza fedha zao kutoka Afrika Kusini, na serikali ya huko ilitikisika. Ilisimama tena kwa msaada wa wakopeshaji wa nje, mabenki makubwa ya New York yakiwamo. Hapo ndipo wapinzani wa ubaguzi walipotambua kwamba kuacha kula machungwa hakutoshi. Machungwa yalikuwa tawi, na mikopo ilikuwa mzizi. Tarehe 19 Machi 1965, siku mbili kabla ya kutimia miaka 5 tangu Sharpeville, wanafunzi wa Marekani waliketi mbele ya makao makuu ya benki ya Chase Manhattan mjini New York kuipinga mikopo hiyo, na wengine wao wakakamatwa na polisi. Swali likageuka. Halikuwa tena la mnunuzi dukani. Likawa la mwenye hisa na mweka akiba. Na wanafunzi walipotazama ni nani mwenye hisa, walikuta kwamba chuo chao kilikuwa mmoja wao.

Chuo cha Yale kilikuwa katika safu ya mbele kulitwaa jambo hili kama elimu. Mwaka 1969 ilianzishwa hapo semina iliyochungua wajibu wa shirika lenye hisa, kwa macho ya sheria, ya uchumi na ya maadili. Matunda yake yalitoka katika kitabu cha 1972, kilichoandikwa na John Simon, Charles Powers na Jon Gunnemann, na Yale ikakifanya kuwa msingi wa taratibu zake. Waandishi hao walitenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kutenda mema ni hiari, walisema, na watu waweza kuhitilafiana juu yake bila mwisho. Lakini kutodhuru ni wajibu wa kila mmoja, hata wa shirika. Kisha wakauliza ni lini mtu ambaye hakuusababisha uovu hulazimika kuuzuia. Wakajibu kwa mambo manne: kuwapo haja kubwa, kuwa karibu na jambo lenyewe, kuwa na uwezo wa kusaidia, na kutokuwapo mwingine wa kusaidia. Kwa kipimo hicho mwenye hisa hawezi kusema kwamba yuko mbali, kwa kuwa faida ya kampuni humfikia. Walakini hawakumwambia akimbilie kuuza. Kwanza apaze sauti katika mkutano wa wenye hisa. Kuuza kuwe silaha ya mwisho.

Sauti hiyo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba picha za kampuni yao zilitumika katika pasi ambazo Mwafrika wa Afrika Kusini alilazimika kuzichukua kila aendako. Walianza kampeni iliyodumu miaka 7, hata Polaroid ikajitoa katika nchi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1971 Kanisa la Episkopali liliitaka General Motors, katika mkutano wa wenye hisa, ifunge kazi zake Afrika Kusini. Mchungaji Leon Sullivan, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la wakurugenzi wa kampuni hiyo, aliliunga mkono azimio hilo mbele ya wakurugenzi wenzake. Azimio lilishindwa kwa kura nyingi, lakini Sullivan hakunyamaza. Mwaka 1977 alitoa kanuni zilizoitwa kwa jina lake, zikiyataka makampuni ya Marekani yaondoe utengano wa rangi mahali pa kazi na yalipe mishahara sawa kwa kazi sawa.

Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, na baada ya Steve Biko kufa mikononi mwa polisi Septemba 1977, kanuni hizo zilionekana na wengi kuwa haba. Kumpa mtu meza ya chakula pamoja na mzungu kiwandani hakumpi kura, wala hakumwondolei pasi. Katika mwaka huo huo wa 1977 chuo kidogo cha Hampshire katika jimbo la Massachusetts, baada ya wanafunzi kushika afisi zake, kiliuza hisa zake zote za makampuni yenye kazi Afrika Kusini. Chuo hicho kilikuwa cha kwanza Marekani. Thamani ya hisa hizo ilikuwa ndogo, lakini mlango uliofunguliwa haukuwa mdogo.

Hoja za upande wa pili hazikuwa za kipumbavu, na mwanafunzi wa leo hatendi haki akizipita. Derek Bok, rais wa Harvard, alieleza kwamba chuo kimekabidhiwa mali kwa ajili ya elimu. Kikianza kuitumia kupigania siasa, wenye nguvu nao watajiona wana haki ya kukishurutisha chuo kwa siasa yao, na uhuru wa wasomi utakuwa hatarini. Tena hisa ikiuzwa, mwingine huinunua. Kampuni haipungukiwi hata senti, na chuo hupoteza sauti yake katika mkutano. Harvard iliuza baadhi ya hisa, haikuuza zote. Wanafunzi walijibu kwamba mali iliyotiwa mahali imekwisha kuingia katika siasa ya mahali hapo, na kwamba kutouza nako ni uamuzi. Basi palisimama pande mbili, kila mmoja ukishika nusu ya ukweli: mmoja ulijua mipaka ya fedha, na mwingine ulijua kwamba fedha haina usingizi.

Mwaka 1985 ugomvi ulifika kilele. Mwezi Aprili wanafunzi wa Columbia, New York, walifunga milango ya Hamilton Hall kwa muda wa majuma 3, wakaliita jengo hilo kwa jina la Mandela, aliyekuwa gerezani mwaka wake wa 23. Kabla ya mwisho wa mwaka wadhamini wa chuo walikubali kuuza. Julai 1986 wasimamizi wa Chuo Kikuu cha California walipiga kura ya kuondoa mali ya takriban dola bilioni 3 katika makampuni yaliyohusika. Novemba mwaka huo huo Barclays iliuza tawi lake la Afrika Kusini, baada ya wanafunzi wa Uingereza kukataa kwa miaka mingi kufungua hesabu zao katika benki hiyo. Mwanafunzi mmoja asiye na akiba si kitu kwa benki. Lakini mwanafunzi wa leo ndiye wakili na daktari wa kesho, na benki yajua kuhesabu miaka. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba, kikikosa haba zake, hubaki kitupu.

Swali lililobaki ni zito kuliko yote: je, kuuza hisa kulisaidia? Mwaka 1999 wasomi watatu wa fedha, Siew Hong Teoh, Ivo Welch na C. Paul Wazzan, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo, wakasema kwamba hawakuona athari ya maana katika bei za hisa za makampuni yaliyogomewa. Bok, kwa hesabu hiyo, hakukosea. Kilichoiumiza serikali ya Pretoria zaidi kilikuwa mikopo. Julai 1985, miji ya Waafrika ikiwaka moto na hali ya hatari ikiwa imetangazwa, Chase Manhattan ilikataa kuongeza muda wa mikopo yake, na mabenki mengine yakafuata. Thamani ya randi ilianguka, soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa, na Septemba serikali ikasimamisha malipo ya madeni ya takriban dola bilioni 14. Mabenki hayakuwa yameongoka, yaliogopa hasara. Lakini hofu hiyo ilitokana na watu wa Soweto na Port Elizabeth waliokataa kutawaliwa, na ilizidishwa na kelele za wanafunzi, makanisa na mabaraza ya miji, waliofanya mkopo wa Afrika Kusini uwe aibu pamoja na kuwa hatari. Na aibu hiyo ndiyo iliyofika katika bunge la Marekani, ambalo Oktoba 1986 lilipitisha sheria ya vikwazo licha ya Rais Reagan kuikataa. Tunda la kampeni ya hisa, basi, halikuwa bei ya hisa. Lilikuwa elimu ya umma, na umma ulioelimika ulitunga sheria.

Historia ya kweli haifichi kasoro. Makampuni mengine yalijitoa kwa jina tu. General Motors iliuza kazi zake kwa wakuu wake wa huko huko mwaka 1986, na magari yakaendelea kuundwa. Wafanyakazi wa Port Elizabeth waliogoma kudai haki zao katika mauzo hayo waliona kwamba bwana ameondoka bila kuaga. Sullivan mwenyewe, baada ya miaka 10 ya kanuni zake, alikiri mwaka 1987 kwamba hazikuuvunja ubaguzi, akayataka makampuni yatoke. Kukiri huko ni sehemu ya somo: alikuwa ameweka kipimo, akakitumia, akaona hakitoshi, akasema hivyo hadharani.

Na jambo moja latofautisha kampeni hii na nyingi zilizoifuata. Ilianza kwa ombi la Luthuli na ikafungwa kwa ombi la Mandela, aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa Septemba 1993 akaomba vikwazo vya uchumi viondolewe. Walioumia walifungua mlango, nao wakaufunga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na katika habari hii aliyelala kaburini ndiye aliyesikilizwa.

Baada ya hapo swali la wanafunzi liliingia katika vitabu vya wenye fedha, likavaa mavazi mapya. Mwaka 2006 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizindua katika soko la hisa la New York kanuni za uwekezaji wenye kuwajibika. Mwaka 2007, katika kikao kilichoitishwa na mfuko wa Rockefeller huko Bellagio, Italia, lilipatikana jina la uwekezaji wa manufaa. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida kubwa. Kampeni ya kale ilijua kukimbia mali mbaya. Somo jipya lafundisha pia kuitafuta mali njema, na kuipima kwa hesabu: ni nyumba ngapi zimepata umeme, ni wakulima wangapi wamepata mkopo usiowanyonga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wema bila daftari nao hupotea hivyo hivyo. Hatari yake ni kwamba kipimo chaweza kuwa pambo. Mtu hujaza majedwali, hulipaka jina zuri juu ya biashara ile ile, na aliyekusudiwa kusaidiwa haulizwi neno.

Hatari hiyo imekwisha kuonekana karibu na nyumbani. Tangu mwaka 2011 wanafunzi wa Marekani waliitwaa tena silaha ya mababu zao, safari hii dhidi ya makampuni ya mafuta na makaa ya mawe, na Septemba 2021 Harvard, iliyokuwa imekataa kwa miaka mingi, ilitangaza kwamba itaacha uwekezaji huo uishe. Katika mwaka huo huo wa 2021 ilitiwa saini mikataba ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Tanga, na watetezi wa hali ya hewa wakayataka mabenki ya Ulaya yasilikopeshe. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya bomba hilo Septemba 2022, viongozi wa Uganda walighadhibika, wakisema kwamba waliotajirika kwa mafuta hawana haki ya kumnyima maskini visima vyake. Na wanafunzi wa Kampala walioandamana kuliunga mkono azimio hilo walikamatwa. Hapa hapana Luthuli mmoja. Wako wenye mashamba waliohamishwa, wako vijana watafutao kazi, ziko serikali zitafutazo kodi, na liko jua lizidilo kuwa kali juu ya wote. Mwanafunzi wa fedha apewaye jambo hili darasani hawezi kulimaliza kwa jedwali. Imempasa kwanza aulize kama Yale ilivyofundisha: nani anadhurika, nani yuko karibu, nani ana uwezo? Kisha aulize lile ambalo Accra na London zilifundisha kabla ya Yale: ni nani aliyeomba, na ni nani atakayelipa?

Karibu na Morogoro pako mahali paitwapo Mazimbu. Hapo, katika miaka ile ile ambayo wanafunzi wa ng'ambo waligombana na wadhamini wao, wakimbizi wa Afrika Kusini walijenga shule juu ya ardhi waliyopewa na Tanzania, kwa fedha za nchi na vyama vilivyokataa ubaguzi, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Mwaka 1992, wenyewe waliporejea kwao, majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikayapokea. Mali hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la faida, wala hapana aliyetarajia riba yake. Wanafunzi wameketi humo tangu hapo, katika vyumba vilivyojengwa na watu waliokwenda zao, wakisoma kwa faida ya wakfu ambao mwenyewe hakujua kwamba anauweka.